Karatasi Zipo, wa Kumwuliza Nani? Walatino wa Marekani na Habari za Afya

Anayetaka kusoma habari za kisukari kwa Kihispania nchini Marekani hakosi cha kusoma. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo ilianzisha huduma ya MedlinePlus mwaka 1998, na mwaka 2002 ikaifungulia upande wa Kihispania: maelezo ya maradhi, dawa na vipimo, bure, bila tangazo la biashara. Taasisi ya Taifa ya Saratani inapokea simu kwa Kihispania. Namba 988, wanayopiga watu waliolemewa hadi kufikiria kujiua, ina wasikilizaji wa lugha hiyo, na tangu Julai 2023 mwenye shida anaweza hata kuwaandikia ujumbe. Ukiongeza vipeperushi vya idara za afya za majimbo na vya hospitali kubwa, unapata shehena ya maandishi ambayo hakuna lugha nyingine ya wahamiaji nchini humo inayoikaribia.

Pamoja na wingi huo, CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, inakadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kilatino watapata kisukari cha aina ya pili katika maisha yao. Kwa watu wazima wa Marekani kwa jumla, makadirio ni asilimia 40. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kipimo chake ni cha dakika chache na chanjo yake ipo, huwapata wanawake wa Kilatino zaidi ya wanawake weupe. Tatizo limekaa wapi, basi? Jibu la haraka la maofisa wengi limekuwa kutafsiri zaidi. Mimi naliona jibu hilo limechoka. Habari ya afya humfikia Mlatino pale inapoletwa na mtu anayemjua, na humfaa pale ambapo mlango wa hospitali hauna kitu cha kumtisha. Hayo mawili yakikosekana, karatasi hubaki karatasi.

Lakini Walatino wenyewe ni nani? Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62.1, karibu mmoja kati ya kila wakazi watano wa Marekani. Serikali iliwakusanya chini ya jina moja kwa sheria ya 1976 na mwongozo wa takwimu wa 1977, na sensa ya 1980 ikawa ya kwanza kumwuliza kila mtu kama ni wa kundi hilo. Kwa karani wa takwimu jina hilo ni rahisi. Kwa daktari ni mtego. Yumo Mpuerto Rico wa Bronx, raia wa Marekani kwa sheria ya 1917. Yumo Mkuba wa Miami, ambaye tangu 1966 sheria maalumu iliwafungulia watu wake njia ya ukaazi wa kudumu. Yumo mwenye asili ya Meksiko ambaye mababu zake waliishi Texas kabla Texas haijawa sehemu ya Marekani. Na yumo kijana wa Guatemala aliyevuka mpaka juzi tu, hana kibali, anakatakata kuku kiwandani zamu ya usiku.

Miili yao nayo haifanani kwa hesabu. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2008, ukaandikisha watu zaidi ya 16,000 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego, uligundua kisukari kwa takriban asilimia 18 ya wenye asili ya Meksiko, lakini kwa takriban asilimia 10 tu ya waliotoka Amerika Kusini. Wapuerto Rico nao hujulikana kwa pumu kuliko kundi jingine lolote kati yao. Kipeperushi kinachomwambia kila Mlatino apunguze chapati za mahindi kinamwambia nini Mdominika anayekula wali, maharage na ndizi za kupika? Bila shaka kiliandikwa na mtu mwema. Ila mtu mwema huyo hakuuliza nyumba hii inakula nini.

Kuna jambo jingine lililowachanganya wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1986, Kyriakos Markides na Jeannine Coreil walionyesha kuwa Walatino wa kusini magharibi mwa Marekani, ingawa umaskini wao ulilingana na wa Wamarekani weusi, afya yao kwa vipimo vingi ilikaribia ile ya weupe. Hali hiyo iliendelea miaka mingi. Mwaka 2019, mtoto wa Kilatino aliyezaliwa Marekani alitarajiwa kuishi miaka 81.9, na mweupe miaka 78.8. Maelezo yametolewa mengi: anayehama huwa ni mwenye nguvu zake, sigara wanavuta kidogo, wazee hawaachwi peke yao, na wengine wakizidiwa hurudi kufia kwao, hivyo vifo vyao havimo katika daftari la Marekani. Kila moja lina ukweli wake. Baya ni kwamba habari hiyo njema iligeuzwa kisingizio: watu hawa wanajimudu, tuwaache. Kisha ikaja korona. Kufikia 2021 matarajio yale yalikuwa yameshuka hadi chini kidogo ya miaka 78. Miaka minne ya uhai ilifutika katika miaka miwili, kwa sababu hawa ndio waliobaki kwenye machinjio, mashamba na majiko wakati wenzao wakifanya kazi kwa kompyuta sebuleni.

Sasa turudi mlangoni. Mwaka 2010 karibu theluthi ya Walatino walio chini ya miaka 65 hawakuwa na bima ya afya. Sheria ya bima ya mwaka huo huo, ile ya Obama, ilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 18 hivi kufikia 2023, na hayo ni mafanikio ambayo hakuna kampeni ya vipeperushi iliyowahi kuyakaribia. Lakini sheria hiyo hiyo ilimfungia nje asiye na kibali cha ukaazi. Haruhusiwi kununua bima katika soko la serikali hata kwa fedha zake mwenyewe. Sheria ya 1996 ilikuwa imekwisha kuwawekea wahamiaji wengi wenye kibali muda wa kungoja miaka mitano kabla ya kupata bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, Medicaid. Kilichobaki kwa wote ni sheria ya 1986 inayolazimisha chumba cha dharura kumpokea mgonjwa aliye hatarini bila kuuliza ana nini mfukoni.

Maana ya hali hiyo inaonekana vizuri kwa wagonjwa wa figo. Kisukari kisipotibiwa huua figo, na figo zikifa mtu anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Katika majimbo kadhaa asiye na kibali hakuruhusiwa kusafishwa damu kwa ratiba. Alitakiwa angoje nyumbani hadi pumzi imkatike au potasiamu ipande kiasi cha kutishia moyo, ndipo aingie kwa mlango wa dharura. Asafishwe, arudi nyumbani, angoje tena azidiwe. Daktari Lilia Cervantes wa Denver, yeye mwenyewe Mlatino, aliwafuatilia wagonjwa wa aina hiyo katika miji ambayo sheria zake zilitofautiana. Denver na Houston walingojeshwa dharura. San Francisco walisafishwa kwa ratiba kama mgonjwa yeyote. Matokeo aliyoyatoa na wenzake mwaka 2018 yalionyesha kuwa hatari ya kufa ndani ya miaka mitano ilikuwa mara 14 kwa wale wa dharura. Ugonjwa ule ule, watu wale wale, miji tofauti. Mwaka uliofuata jimbo la Colorado lilibadili tafsiri yake ya dharura na kuruhusu usafishaji wa ratiba. Mgonjwa wa Denver hakukosa elimu ya figo zake. Nadhani angeweza kumfundisha mwanafunzi wa udaktari. Alichokosa kilikuwa ruhusa.

Hofu nayo hufanya kazi hata mahali ambapo ruhusa ipo. Mwaka 2019 serikali ya Trump ilitoa kanuni iliyoongeza aina za misaada ya umma ambazo mhamiaji akizitumia zingeweza kumharibia maombi ya ukaazi. Kanuni ilidumu muda mfupi, ikaachwa Machi 2021. Hata hivyo familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuwaondoa watoto kwenye Medicaid na kwenye msaada wa chakula, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani, raia kamili, ambao kanuni haikuwagusa. Mwaka 2025 mambo yakarudi kwa kishindo. Januari uliondolewa mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini na mashuleni. Juni ilifahamika kuwa taarifa za watu waliojiandikisha Medicaid katika baadhi ya majimbo zimekabidhiwa Wizara ya Usalama wa Ndani, ambayo maofisa wa uhamiaji wako chini yake. Majimbo yakaenda mahakamani. Lakini anayeogopa hasubiri hukumu. Na mtoa habari yeyote aliyekuwa amewaambia majirani zake, jiandikisheni, taarifa zenu hazitoki humu, sasa ana kibarua kigumu cha kuwatazama usoni.

Wala hofu hiyo haikuanza jana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali kubwa ya umma ya Los Angeles, wanawake wenye asili ya Meksiko walifungwa vizazi wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Wengine waliwekewa mbele fomu za Kiingereza wakiwa katikati ya uchungu. Wengine waligundua baada ya miaka. Daktari kijana aitwaye Bernard Rosenfeld alitoa siri, mwanasheria Antonia Hernández akaichukua kesi, na mwaka 1978 jaji akaamua dhidi ya wanawake kumi waliolalamika. Walishindwa mahakamani, lakini kelele zao zilileta fomu za ridhaa za Kihispania na muda wa kungoja kabla ya upasuaji. Kaunti ya Los Angeles iliomba radhi mwaka 2018, miaka arobaini baada ya hukumu. Bibi aliyeyaona hayo hamwachi mjukuu wake asaini kitu haraka, na huo tusiuite ujinga.

Inafaa kumkumbusha msomaji wa Afrika kwamba kimbilio kubwa la Walatino maskini Marekani lina mizizi yake barani kwetu. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari, Jack Geiger, alikwenda Pholela, eneo la Wazulu huko Natal, Afrika Kusini, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wamejenga kituo cha afya kilichotibu wagonjwa na papo hapo kushughulikia bustani za mboga, vyoo na maji. Kituo kile kiliwatumia watu wa pale pale kama waelimishaji. Geiger alirudi Marekani na wazo hilo kichwani, na kuanzia mwaka 1965, yeye na Count Gibson wakaanzisha vituo vya afya vya jamii Boston na Mound Bayou, Mississippi. Miaka mitatu kabla ya hapo, Rais Kennedy alikuwa amesaini sheria ya kuwahudumia vibarua wa mashambani wanaofuata mavuno. Leo mtandao huo una taasisi zipatazo 1,400, zinahudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, na karibu wanne kati ya kila wagonjwa kumi ni Walatino. Malipo hupangwa kwa kipato. Sheria inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi ya kila kituo wawe wagonjwa wa kituo hicho, na sharti hilo ndilo ninalolihusudu kuliko yote. Mtu akiniuliza Mlatino asiye na bima aanzie wapi kutafuta habari na matibabu kwa pamoja, nitamwelekeza hapo kabla ya ukurasa wowote wa intaneti. Ila hata hapo, Julai 2025 serikali kuu ilitangaza kuwa vituo hivi sasa vitahesabiwa miongoni mwa huduma ambazo wasio na kibali hawastahili. Majimbo kadhaa yalipinga mahakamani.

Akishaingia ndani, kunakuja suala la kusikilizana. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mahakama kuu mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ilikubali kuwa kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha kunaangukia humo. Sheria ya bima ya 2010 ikaongeza kifungu chake, na kanuni zilizofuata zikasema wazi: hospitali impatie mgonjwa mkalimani mwenye sifa, bila malipo, na mtoto asitumiwe kukalimani isipokuwa katika dharura. Machi 2025 Trump alifuta amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri, na wengi wakadhani haki imefutika. Haikufutika. Amri ya rais imeondoka. Sheria mbili za Bunge zimebaki.

Lakini sheria ni kitu kimoja na saa tatu usiku hospitalini ni kitu kingine. Bado mtoto wa darasa la tano huitwa asimulie hedhi ya mama yake mbele ya daktari mwanamume. Glenn Flores na wenzake mwaka 2003 walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 13 kati ya madaktari na familia za Kilatino. Walihesabu makosa 396 ya ukalimani, na asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuleta madhara kwa mgonjwa. Wakalimani wa hospitali pia walikosea, tuseme kweli, ila makosa ya waliokalimani bila kusomea kazi hiyo yalikuwa ya hatari zaidi. Sehemu ya shida ni uhaba: madaktari wenye asili ya Kilatino hawafiki asilimia 8 ya madaktari wote wa Marekani, katika nchi ambayo mtu mmoja kati ya watano ni Mlatino.

Mashine haijaziba pengo hilo. Tovuti ya serikali ya kununulia bima ilifunguliwa kwa Kiingereza Oktoba 2013. Ya Kihispania ilichelewa hadi Desemba, ikaja na lugha iliyowafanya wasomaji washuku kuwa hakuna binadamu aliyeipitia. Januari 2021, idara ya afya ya Virginia ilitegemea programu ya tafsiri, na wasomaji wa Kihispania wakajikuta wanaambiwa kuwa chanjo ya korona haina haja, pale Kiingereza kiliposema si ya lazima. Hebu fikiria juhudi zote za kuwashawishi watu wachanjwe, kisha serikali yenyewe inawaambia hamna haja.

Na wapo wale ambao hata Kihispania safi hakiwasaidii. Katika mashamba ya stroberi ya Oxnard na ya mboga ya Salinas, California, wafanyakazi wengi ni Wamisteko, Wazapoteko na Watriki kutoka Oaxaca na majimbo jirani ya Meksiko. Katika viwanda vya nyama na mashamba ya majimbo mengine wapo Wamaya wa Guatemala wanaosema Kimam na Kikiche. Hospitalini huandikwa kuwa wasemaji wa Kihispania, huletewa mkalimani wa Kihispania, hutikisa kichwa kwa adabu, huenda zao bila kuelewa kitu. Nesi mmoja, Sandra Young, alilichoka jambo hili na mwaka 2001 akaanzisha pamoja na Wamisteko wa Kaunti ya Ventura jumuiya inayojulikana kwa kifupi kama MICOP. Leo ina wakalimani, waelimishaji wa afya na redio yake inayotangaza kwa lugha hizo. Huko Salinas, hospitali ya Natividad nayo ilianza kuwafundisha wazawa wa lugha hizo ukalimani wa tiba. Redio ndiyo chombo chao, kwa kuwa nyingi za lugha hizi wenyewe hawajazoea kuzisoma. Kipeperushi cha Kimisteko kinaweza kuwa ushahidi mzuri wa kumwonyesha mfadhili. Mama aliyeinama shambani anahitaji sauti.

Redio inanifikisha kwa Elmer Huerta. Daktari huyu wa saratani kutoka Peru alifika Washington na kugundua kuwa wagonjwa wake walijua maisha ya waigizaji wa tamthilia kwa undani kuliko walivyojua miili yao. Hakuwalaumu. Alijiuliza wamejulia wapi hayo ya waigizaji, akaenda huko huko. Tangu 1989 amekuwa hewani kwa vipindi vifupi vya kila siku kwa Kihispania cha kawaida, na mwaka 1994 akafungua katika hospitali ya Washington kliniki ya watu wasioumwa: njoo upimwe kabla ya ugonjwa. Watu walikuja, wengi wao maskini wasio na bima, kundi lile lile ambalo vitabu vilisema halijali kinga kwa sababu linaamini kila kitu ni majaliwa. Kumbe lilikuwa halijaalikwa. Mwaka 2007 Huerta alikuwa Mlatino wa kwanza kuongoza Jumuiya ya Saratani ya Marekani.

Tamthilia yenyewe ina historia inayotugusa. Katika miaka ya 1970, Miguel Sabido wa Meksiko alibuni namna ya kufundisha kwa michezo ya runinga: mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati yao yule anayeyumba, ambaye mtazamaji hujiona ndani yake. Mbinu hiyo ilisafiri. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na waliokuwa na redio enzi hizo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori aliyemaliza ujana wake barabarani hadi UKIMWI ukamkuta. Wakati wa utafiti wa kupima nguvu ya mchezo huo, Dodoma ilinyimwa matangazo kwa muda ili ilinganishwe na mikoa iliyosikiliza. Mwaka 2013 mbinu hiyo hiyo ilirudi upande wa pili kwa vijana wa Kilatino wa Los Angeles, katika tamthilia ya mtandaoni East Los High, iliyozungumzia mimba za utotoni na ngono salama na kuwaelekeza watazamaji kwenye huduma.

Kubadilishana huko hakukuishia hapo. Aprili 2020, katika mtaa wa Mission, San Francisco, viongozi wa Kilatino wa mtaa walishirikiana na madaktari wa chuo kikuu, wakiwemo Diane Havlir na Gabriel Chamie, kupima korona nyumba kwa nyumba na mahemani. Madaktari hao wawili walikuwa na uzoefu wa miaka mingi vijijini Uganda na Kenya, ambako pamoja na Moses Kamya wa Makerere waliendesha kampeni kubwa ya upimaji wa VVU katika jamii 32. Walijua tangu huko kuwa upimaji unapelekwa sokoni, hausubiriwi hospitalini. Mission, karibu wote waliokutwa na virusi walikuwa Walatino, na takriban tisa kati ya kumi walikuwa hawawezi kufanyia kazi nyumbani. Hapo ndipo viongozi wa mtaa walipotoa somo lao kwa wataalamu: ukimwambia mtu ajitenge siku kumi, mletee chakula na umsaidie kodi, la sivyo kesho asubuhi yuko kazini. Basi majibu ya kipimo yakawa yanafuatana na kikapu cha chakula.

Aliyebeba vikapu hivyo, mara nyingi, ni mwanamke ambaye Walatino humwita promotora. Kwetu tungemwita mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni jirani aliyefundishwa wiki kadhaa, anajua nani ana kisukari, nani kaacha dawa kwa kukosa nauli, na kliniki ipi ina mpokezi mkali. Tafiti za kisukari katika mpaka wa Texas na Meksiko zimeonyesha mara kwa mara kuwa mafunzo yanayotolewa kwa lugha, chakula na watu wa mahali hushusha sukari. Nina lalamiko moja tu, nalo si dogo. Watu hawa wanasifiwa katika kila mkutano na wanalipwa kwa ruzuku ya miaka miwili au mitatu. Ruzuku ikiisha, promotora hurudi kufanya usafi mahotelini, na mtaa hubaki na kipeperushi chenye namba yake ya simu ambayo haipokelewi. Majimbo machache yameanza kuwalipa kupitia Medicaid. Hiyo ndiyo njia, kama nia ipo.

Serikali ya Meksiko kwa upande wake imefanya jambo la busara ambalo balozi zetu zingeweza kuliiga kesho. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikianzia San Diego na Los Angeles, imeweka ndani ya konseli zake, yaani balozi ndogo, dirisha la afya, Ventanilla de Salud. Raia wake lazima aje konseli kuchukua pasipoti au kitambulisho. Akingoja foleni, anapimwa shinikizo la damu na sukari, anaelezwa kliniki ya karibu isiyouliza kibali, anaandikiwa miadi. Madirisha hayo sasa yapo karibu katika konseli zote za Meksiko nchini Marekani. Mahali pale ni salama machoni pa mhamiaji kwa sababu ni ofisi ya kwao. Wapuerto Rico na wazaliwa wa Marekani hawafiki huko, ni kweli, lakini kwa anayehofia kila jengo la serikali, dirisha hilo limeokoa wengi.

Kuhusu simu za mkononi nitasema kidogo. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kilatino Marekani hutumia WhatsApp, kiwango kilicho zaidi ya maradufu ya weupe. Humo hupita uongo wa chanjo na dawa za miujiza, na humo humo hupita taarifa ya kliniki iliyofunguliwa Jumamosi. Wanaotaka kupambana na uongo kwa kuandika makala ndefu za kusahihisha wanachelewa. Shangazi aliyetuma uongo anaaminika kwa sababu ni shangazi, na atakayemsahihisha inabidi awe na nafasi hiyo hiyo kwenye familia. Vikundi vya kufarijiana, kama vile vya wanawake wa Kilatino wenye saratani ya matiti au vya wanaoishi na VVU vilivyosimamiwa na Kamisheni ya Walatino ya UKIMWI ya New York, iliyoanzishwa 1990, vimefanikiwa kwa sababu hiyo. Aliyeugua humsikia aliyeugua.

Haya yote yanawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Tangu 2016, kwa miaka mingi Wakongomani walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wakitoka kambi kama Nyarugusu, na Kiswahili ndiyo lugha wanayohudumiwa nayo. Haki ya mkalimani iliyopiganiwa na Wachina wa San Francisco na Walatino wa kila jimbo ni yao pia. Ukiwa na mzazi au ndugu huko, mwambie adai mkalimani wa Kiswahili tangu anapopanga miadi. Hospitali inayopokea fedha za serikali haiwezi kumtoza hata senti kwa mkalimani huyo, na kama hayupo ana kwa ana yupo kwa simu. Kama mzee anasikia vizuri Kibembe au Kinyamulenge kuliko Kiswahili, alitaje hilo waziwazi, asikubali kuandikwa Kiswahili kwa ajili ya kurahisisha kazi ya karani. Asisaini karatasi asiyosomewa. Na mtoto abaki shuleni siku ya kliniki.